Kitufe cha Kwanza

Mbarouk alinipigia simu kutoka Maskati asubuhi ya Jumanne, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu wa ufundi umeme. Hakuzunguka. "Sule, Makame katutoka. Wanamzika kwao Mkokotoni baada ya Adhuhuri. Mimi siwahi. Nenda wewe kwa niaba yetu sote wawili." Nilimuuliza kafa na nini. Akasema sukari, mguu mmoja ulishakatwa mwaka jana, na mimi sikuwa na habari hata ya huo mguu. Kutoka mjini mpaka Mkokotoni si mbali, mtu huondoka baada ya chai akarudi kabla ya Alasiri, na huyu ni mtu niliyekuwa naye chumba kimoja kila jioni karibu mwaka mzima, tukila sinia moja, tukichekana, tukigombana. Alikatwa mguu nami nisijue. Nilivaa kanzu, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaondoka. Njiani sikufikiria kifo. Nilifikiria chumba.

Chumba hicho kilikuwa Kiponda, mjini Unguja, ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya kina Mbarouk, nyumba ya mawe na chokaa ambayo zamani ilikuwa ya watu wa ukoo mmoja na wakati huo ilikuwa imegawika kwa wapangaji. Boriti za mikoko zilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu, nyeusi kwa uzee, na mkokoteni ukipita kichochoroni chini, vumbi la chokaa lilitudondokea mabegani. Katikati ya nyumba palikuwa na ua ulio wazi kutoka sakafuni mpaka mbinguni, na sauti zote za wapangaji zilipanda humo kama moshi wa jiko. Chini kabisa alikaa Bi Ruzuna, mshonaji wa kofia, mjane mwenye sauti nzito, na mchana walimjia wenzake wawili watatu wakashona pamoja. Sisi juu tuliwasikia kama tumekaa nao. "Kapelekwa kwa mume na godoro la pamba, na nyie mwasema kidogo?" "Godoro la pamba lina kunguni kama jengine." "Kunguni wa pamba ana adabu, mwanangu." Hata leo nikisikia wanawake wakicheka mahali nisipowaona, mkono wangu wa kushoto hujikunja wenyewe, kama unatafuta nyuzi za gitaa.

Ilikuwa mwaka 1991. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, Mbarouk ishirini. Binamu zake wa Maskati walikuwa wakimletea kanda, na ndani ya kanda hizo tulikuta muziki uliotushika shingo, ule wanaouita hevi metali. Kwa asiyeujua, nieleze taratibu, maana watu huuogopa kabla hawajausikiliza. Gitaa la kawaida lina sauti safi, kila uzi unasikika peke yake. Ukichukua sauti hiyo ukaipitisha kwenye kikuza sauti kidogo, ukakilazimisha kubeba mzigo kuliko uwezo wake, sauti inachanika. Inakuwa na makwaruzo, inakuwa nzito, noti moja inajaa chumba kizima. Mimi nilitumia redio ya zamani ya valvu niliyoifungua na kuiunga mwenyewe, na mara mbili ilinipiga shoti nikakaa chini. Juu ya magitaa ya namna hiyo huja mwimbaji, anayenguruma zaidi kuliko kuimba, na chini ya yote huja ngoma. Ngoma ndiyo mifupa. Bila ngoma, muziki ule ni kelele za karakana tu. Na sisi tulikuwa na gitaa, tulikuwa na Mbarouk wa kunguruma, na hatukuwa na ngoma.

Makame tulimpata kwenye maulidi. Alikuwa hamali katika bohari la karafuu, Mtumbatu wa huko Mkokotoni aliyekuja mjini kutafuta kazi, mkubwa kwetu kwa miaka mitano hivi, mfupi, mabega mapana, na nguo zake zilinuka karafuu hata siku ya kufuliwa. Usiku ule alikuwa miongoni mwa wapiga dufu. Mimi nilikwenda kula biriani, na biriani ikapoa mbele yangu. Watu walianza pole, wamepiga magoti kwenye mstari, wanayumba kama majani, na dufu lake lilikuwa likiwatembeza bila wao kujua, wakaenda wakizidi, mpaka mwisho mstari mzima ulikuwa unapaa. Tulimfuata nje akinawa mikono. Mbarouk akamwambia tuna muziki wetu, tunataka mpigaji. "Muziki gani?" Tukamwalika chumbani kesho yake, tukamwekea kanda. Alisikiliza upande mmoja wote, kichwa kimeinama. Kanda ilipokatika akauliza, "Hawa kawakasirisha nani?" Tukacheka. Yeye hakucheka. "Lakini mpigaji wao anajua," akasema. "Anamwacha mwenzake amalize kusema."

Basi akawa wetu. Tulimwazimia ngoma kubwa ya beni, ile ya kutembezea maharusi, tukaongeza debe la mafuta na vifuniko viwili vya sufuria vilivyoning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti. Alipiga kwa mikono na kwa vijiti alivyovichonga mwenyewe. Kila jioni alipotoka bohari alipanda zile ngazi, mara nyingine na kikapu cha muhogo kutoka kwao, na Bi Ruzuna akiuona anaudai kabla haujafika juu. "Makame, huo muhogo unapita mlangoni mwangu bila ya salamu?" "Shikamoo, Bi Ruzuna." "Marahaba. Nimekwambia salamu, sikukwambia shikamoo. Niachie vipande vinne." Baadaye muhogo ulipanda tena ghorofani umeshapikwa kwa nazi, na samaki wa kukaanga pembeni, na tulikula watatu kutoka sinia moja, vidole vyetu vya gitaa na vya ngoma vikigongana katikati. Sijui kama nimewahi kula chakula kitamu zaidi. Kwa hakika sijawahi kula nikiwa sina haja ya kitu kingine.

Hali hiyo haikudumu hata miezi mitatu. Nyumba za mawe zina kuta nene, lakini ule ua wa katikati ulibeba kila pigo mpaka kwa jirani wa nne. Kwanza alipanda Bi Ruzuna, akahema mlangoni. "Wanangu, mnapiga ngoma au mnavunja ukuta? Kama mnavunja semeni, tuhamie mapema." Halafu akaja sheha wa mtaa, mtu mpole, akakaa kwenye mkeka, akanywa kahawa yetu yote. "Mimi sikatazi muziki," akasema. "Vijana lazima wawe na muziki. Nakataza huu." Tukamwomba atupe hata saa moja kwa siku. Akaangalia juu, kwenye boriti, kisha akaangalia chokaa iliyokuwa kwenye mabega ya kanzu yake. "Mwezi uliopita nyumba imeanguka kule nyuma, mnajua. Haikupigiwa ngoma, imeanguka tu. Nyie mnataka kuisaidia hii?" Ngoma ya beni ikarudi kwa wenyewe siku ileile.

Ndipo Mbarouk alipoagiza ile mashine. Ililetwa na ndugu yake, imefungwa ndani ya taulo, sanduku jeusi la ukubwa wa kitabu. Mashine ya ngoma. Ndani yake mlikuwa na sauti za ngoma zilizorekodiwa, ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, na kazi yako ilikuwa kuiambia kila sauti ilie wakati gani. Mbele palikuwa na vitufe kumi na sita vilivyojipanga, kila kimoja na taa nyekundu ndogo. Taa ilikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kitufe hadi kitufe, ikifika mwisho inaanza tena. Ukitaka ngoma kubwa ilie mwanzo, unabonyeza kitufe cha kwanza. Kila taa ikipita hapo, ngoma inalia. Ni hivyo tu. Mtoto wa shule anaweza kujifunza kwa mchana mmoja, na nimewafundisha wengi. Wapo vijana wanaodhani kutengeneza muziki kwa mashine ni udanganyifu kwa sababu hakuna mtu anayetoka jasho. Huwaambia si kweli. Mtu anatoka jasho, ila analitoa mapema. Tena mashine ilikuwa na tundu la hedifoni, na kwa sisi hilo ndilo lilikuwa mlango wa peponi. Tungeweza kupiga muziki mzito kuliko wote kisiwani na paka wa Bi Ruzuna asiamke.

Lakini hatukujua tuiambie nini. Makame ndiye aliyejua. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyo, "Tuisomeshe kwanza hii mashine, Makame. Ni ya mazoezi tu. Siku tukipata pahala pa kupigia kweli, utapiga wewe." Nilipoyasema sikuwa nasema uongo. Yaligeuka uongo baadaye, kidogo kidogo, na mimi nikayaacha yageuke. Akakaa chini na mimi, miguu ameikunja, akapiga mapigo yake kwenye paja kwa viganja, pole pole, na mimi nikayaandika kwenye daftari la shule la miraba, msalaba kwa ngoma kubwa, duara kwa ndogo, kisha nikayaingiza kwenye vitufe. Wimbo wa kwanza ulikuwa wetu wenyewe, tuliutunga juu ya nyumba zinazoanguka mjini, na Mbarouk aliungurumia hivi: Chokaa inashuka, boriti inalia, nani yuko ndani, nani anasikia. Nilipomaliza kuingiza nikabonyeza, taa zikakimbia. Makame akasikiliza mizunguko miwili. Akanyoosha kidole chake kinene akakiweka juu ya kitufe cha kwanza.

"Hapa umetia nini?"

"Ngoma kubwa. Ndiyo mwanzo."

"Itoe. Hapo hapana mtu."

"Lazima pawe na mtu, Makame. Ndiyo moja. Kila muziki unaanza na moja."

"Hapo gitaa lako linasema. Mimi hapo nasikiliza. Likimaliza ndo napokea." Akapiga tena kwenye paja, akaninyamazia kwenye ile moja, kichwa kimeinama, halafu kiganja kikaanguka. "Mpiga dufu haanzi, Sule. Anaitwa."

Mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa na kitabu cha muziki cha Mzungu mmoja aliyekiacha hotelini, na kitabu kilisema pigo zito hukaa kwenye moja. Nikamwambia sawa, nikakiacha kitufe kama kilivyo. Nilimwona kama mtu wa shamba anayehesabu kwa namna ya shamba. Nikasogeza mapigo yake yote hatua mbili kushoto, yawahi, ili yakae "sawasawa", na mashine ikapiga mkono wa Makame, lakini mkono uliokatwa masikio.

Mvua za masika zilitukuta tukiendelea hivyo. Hedifoni zilikuwa mbili. Moja ya Mbarouk, kwa sababu mashine ilikuwa yake na lazima mwimbaji asikie, moja yangu, kwa sababu ya gitaa. Makame alikaa kwenye mkeka akiangalia zile taa. Aliusikiliza muziki kwa macho. Taa ikifika kwenye kitufe kilichobonyezwa, kiganja chake kiligusa goti bila sauti, na mara nyingine alicheka peke yake alipotambua pigo lake likipita. Siku moja Bi Ruzuna alipanda na sahani ya chila, vile vikate vya unga wa mchele, akatukuta tumefumba macho, mimi na Mbarouk tunatikisa vichwa mpaka nywele, na chumba chote kimya isipokuwa nyuzi za gitaa zisizo na umeme zikilia tik tik kama panya. Akasimama. "Mnazikiri au mna homa?" Makame ndiye aliyemsikia, wengine hatukusikia. Alisimama akapokea sahani, akamwambia, "Waache, Bi. Wako mbali." Bi Ruzuna akamwangalia. "Na wewe je, wamekuachia nani?" Jibu la Makame silijui. Bi Ruzuna alinisimulia hayo baadaye sana, na alipofika hapo aliendelea na kofia yake.

Tulipopata mwaliko, ulikuwa wa ukumbi mmoja wa Malindi, hapo hapo mjini, uliozoea harusi; vijana wa mitaa wangepiga muziki wao Jumamosi baada ya Alasiri, na sisi tulipewa nusu saa. Pale tungeweza kupiga kelele tunazotaka. Ngoma ya beni ingeweza kuazimwa tena. Nilimwambia Makame tujaribu pamoja, yeye kwenye debe, nisikie kama anakwenda sambamba na mashine. Hakwenda sambamba. Kila mzunguko walipishana.

"Unachelewa," nikamwambia.

"Sichelewi. Nnapokea."

"Mashine haichelewi hata chembe."

"Kwani mashine nani kaiita?" akasema Makame, naye alikuwa anatabasamu, akidhani tunataniana.

Jioni ile alipoondoka tukakaa kwenye baraza mimi na Mbarouk, na tukaamua. Nasema tukaamua, ila Mbarouk ndiye aliyeanza, na mimi nilikuwa namsubiri aanze ili isiwe mimi. Alisema mashine ni thabiti. Alisema tumeizoea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na watu watakaokuja pale, Sule. Wengine jamaa zetu, wengine wenye mahoteli. Huyu atakaa na vifuniko vya sufuria na fulana ya karafuu." Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na majibu. Badala yake nilisema, "Na anachelewa," nikashukuru kimoyomoyo kwamba nina sababu ya kitaalamu. Hatukumwambia. Siku mbili kabla, Makame akanipitia dukani kwa fundi redio nilipokuwa nafanya kazi. "Jumamosi nije saa ngapi?" Nikatazama chuma cha kulehemu mkononi mwangu. "Njoo Alasiri ikisha. Ukae mbele, tukuone." Akarudia, "Nikae mbele." "Ndiyo, mbele kabisa." Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkono, akaenda zake. Nilidhani amefahamu, na nikamshukuru kwa kutonilazimisha kulisema.

Betri ndogo ndani ya mashine, ile inayohifadhi kumbukumbu wakati haina umeme, ilikuwa imekufa siku nyingi, na betri za namna hiyo hazikupatikana Unguja. Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi tuliichomeka pale ukumbini na nikaiingizia upya nyimbo zote kutoka kwenye daftari, kitufe kwa kitufe, saa mbili nzima. Alasiri watu wakaja, wasiozidi sitini. Madirisha yalifungwa ili taa za rangi zionekane. Makame alikaa safu ya mbele, katikati, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya Bi Ruzuna, mikono juu ya magoti. Hakunuka karafuu. Nilipita karibu yake na nilinusa udi.

Tukapiga wimbo mmoja. Ulikwenda vizuri, nakiri. Redio yangu ilichanika kama ipasavyo, mashine ikapiga bila kukosea, vijana wa nyuma walisimama kwenye viti. Nilitazama safu ya mbele mara moja tu, na kiganja cha Makame kilikuwa kinagusa goti, nyuma kidogo ya mashine, kila mzunguko. Tukaanza wimbo wa pili, ule wa nyumba zinazoanguka, na katikati ya mstari wa kwanza umeme ukakatika.

Watu wa leo wana jenereta na hawajui kimya kile. Taa zilizimika, redio ikafa kwa mkoromo, na mkono wangu uliendelea kupiga nyuzi ambazo hazikusikika hata na mimi. Mwangaza uliingia kwa michirizi kwenye nyufa za madirisha. Kijana mmoja wa mtaani kwetu akasema kutoka nyuma, "Si yule pale Makame wenu? Mwiteni apige." Watu wakacheka, lakini si kwa ubaya, na mwengine akasema, "Kweli, viti vipo, apige viti." Nikamtazama Makame. Yeye alikuwa ameshanitazama. Hakuinuka. Alikaa vilevile, mgongo umenyooka, ila mikono ilikuwa imetoka kwenye magoti na viganja vimefunuka kidogo, kama mtu anayengoja kupewa kitu. Mbarouk, ambaye siku zote nimemtupia lawama za jambo hili, Mbarouk alinisogelea akaninong'oneza, "Mwite." Nami nilikuwa nimeweka mkono juu ya mashine, ingali na joto. Nikasema, "Umeme utarudi."

Ulirudi, baada ya robo saa au zaidi. Taa nyekundu zikawaka zote kumi na sita kwa pamoja, zikazimika, na nilipobonyeza hapakutoka kitu. Imesahau yote. Watu walikuwa wameanza kutoka, Maghribi inakaribia. Makame alitupitia mbele ya jukwaa, akanipa mkono, akampa Mbarouk mkono. "Hongereni," akasema. Hakupanda tena zile ngazi. Wiki mbili tatu Bi Ruzuna alituuliza yuko wapi mtu wa muhogo, kisha akaacha kuuliza, na sisi tukaacha kukutana chumbani, kwanza kwa visingizio, halafu bila visingizio. Kabla mwaka haujaisha Mbarouk alikwenda Maskati.

Miaka iliyofuata nilikutana na Makame mara chache, Darajani au bandarini. Tuliulizana hali za watoto. Mara moja tu aligusia. "Lile sanduku lenu lipo?" Nikamwambia lilikufa zamani. "Mwenyezi Mungu alirehemu," akasema kwa uso mkavu, tukacheka sana, tukashikana mabega pale katikati ya watu, na ilikuwa ndiyo nafasi yangu na niliipitisha kwa kucheka. Siku nyingine, mtoto wangu akiwa mdogo, nilikwenda kwenye maulidi nikakaa kwa makusudi karibu na wapiga dufu, nikahesabu. Nilihesabu kama mwalimu, kwa vidole, ndani ya mfuko wa kanzu. Kwenye moja mikono yote ilikuwa juu. Msomaji anamaliza neno, mikono inashuka. Hawakuwa wanachelewa. Nilirudi nyumbani nikalitafuta daftari nikalirekebisha, nikasogeza kila msalaba mahali alipouweka yeye, na kitufe cha kwanza nikakiacha kitupu. Sikumwambia. Niliona haya kwenda Mkokotoni na daftari.

Mazishi yalikuwa ya watu wengi. Nililibeba jeneza hatua zangu chache kama kila mtu, nikatupa udongo wangu. Tuliporudi nyumbani kwao, dada yake mkubwa, Bi Mize, alikuwa amekaa ukumbini na wanawake, akatuma niitwe mlangoni. Nilikuwa sijamwona maisha yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama chini hadi juu.

"Wewe ndo Sule wa muziki."

"Naam, Bi Mize. Ndo mimi."

"Ulimwambia akae mbele."

Sikufahamu mara moja. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita. Akaona sikufahamu, akanieleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. "Huku kwetu mpigaji mgeni akiambiwa akae mbele, ataitwa. Ndo adabu yake. Alikuja mpaka huku kuniambia. Aliomba ruhusa bohari siku mbili. Ya kwanza ya kupiga. Ya pili ya kupumzisha mikono, maana alisema hizo ngoma zenu zinavimbisha viganja."

"Sikumwita, dada yangu," nikasema.

"Najua." Alikuwa ameshika tasbihi lakini haikutembea. "Ile siku ya pili alikuja kushinda hapa. Nikamwambia lete mikono nikukande kwa mafuta. Akanionesha. Ilikuwa mizima, haina hata lengelenge."